Pointa za fankisheni ndani ya strakti: komenti ziandikwe wapi, na ziseme nini?

#1 Segfolti

Wakuu salaam. Kuna ubishi hapa nauleta kwenu. Ni maktaba ndogo ya C ya kuhifadhi data kwenye flashi ya SPI (chipu ya kuhifadhi data inayounganishwa kwa basi la SPI), na draiva zinaandikwa na watu mbalimbali. Kiolesura ni hiki, strakti ya pointa za fankisheni, yaani anwani za fankisheni zitakazoitwa:

```c
struct hifadhi_ops {
    int  (*fungua)(void *ctx, const char *jina);
    int  (*soma)(void *ctx, uint32_t mahali, void *bafa, size_t urefu);
    int  (*andika)(void *ctx, uint32_t mahali, const void *bafa, size_t urefu);
    int  (*futa)(void *ctx, uint32_t mahali, size_t urefu);
    void (*funga)(void *ctx);
    void (*ikimalizika)(void *ctx, int hali);
};
```

Wapo wanaodai kila fildi iwe na komenti kamili: parameta zote, kinachorudi, na mfano juu. Mimi nasema saini (aina ya kinachorudi na parameta zake) inajieleza. Anayejua C akiona `const void *bafa, size_t urefu` hahitaji kuandikiwa "bafa: bafa ya data, urefu: urefu wa bafa". Huko ni kumjazia mtu skrini, na msimbo ukibadilika komenti inabaki inadanganya.

La pili: kama ni lazima kuandika, inakaa wapi? Juu ya strakti, ndani kwenye fildi, au kwenye `typedef` (jina unaloipa aina)?

#2 Mama Kompaila

Saini inakupa umbo tu. Mkataba hauonekani hapo.

Chukua `soma` yako. Nimeombwa baiti 512, kabla ya mwisho wa kifaa zimebaki 200. Nirudishe 200? Nirudishe kosa? Nirudishe 0 kwa maana ya "sawa"? Na zile 312 za mwisho wa bafa niziache na takataka iliyokuwemo? `int` haijibu hata moja kati ya hayo.

Usidhani ni swali la darasani. Angalia `xRead` kwenye `sqlite3_io_methods` ya SQLite. Maelezo yao yanasema ukisoma pungufu unarudisha `SQLITE_IOERR_SHORT_READ`, na ni lazima ujaze sifuri sehemu ya bafa isiyosomwa. Wanaongeza kwamba asiyejaza sifuri anaweza kuona kila kitu kinafanya kazi, halafu siku moja hifadhidata inaharibika. Hebu niambie hilo ungelisoma wapi kwenye saini.

#3 baitimoja

Mama Kompaila umenena, ila Segfolti naye ana haki nusu. Komenti ya "urefu: urefu wa bafa" ifutwe leo hii. Kinachotakiwa kuandikwa ni kile ambacho kompaila haiwezi kukijua.

Mimi kila fildi naiuliza hivi: inaweza kuwa NULL, na ikiwa NULL anayeita anafanya nini? Nani anaita, akiwa kwenye thredi au ndani ya intarapti (kifaa kikikatiza kazi ya prosesa), na ameshika kufuli gani? Inaruhusiwa kulala? Memori ya kila pointa ni ya nani, na inaishi hadi lini? Kinachorudi ni nini, pamoja na orodha ya makosa yanayoruhusiwa? Inaweza kuitwa mara mbili, au ikaitwa huku mwenzake hajarudi? Na mpangilio: nini huja kabla ya nini.

Sasa rudi kwenye kiolesura chako, mkuu. `fungua` ikishindwa, `funga` inaitwa au haiitwi?

#4 Segfolti

Haiitwi. Hilo linajulikana.

#5 baitimoja

Linajulikana na nani? SQLite wamefanya kinyume na unavyodhani: `xOpen` ikishindwa, `xClose` bado inaweza kuitwa, isipokuwa `xOpen` iwe imeweka `pMethods` ya faili kuwa NULL. Wameiandika kwa sababu pande zote mbili zina mantiki. Penye mantiki mbili, mwandishi wa draiva atachagua ile ambayo wewe hukuichagua.

#6 Kikokotoo

Kuhusu wapi pa kuandika, inategemea chombo kinachosoma komenti zako.

Doxygen: fildi ambayo ni pointa ya fankisheni inaingia kwenye orodha ya fildi za strakti, pamoja na `int` na `char` za kawaida. Ukiandika `@param` humo, usitegemee ukaguzi ukulinde kama unavyokulinda kwenye fankisheni halisi. Kosea jina la parameta makusudi, uendeshe, uone kama toleo ulilo nalo litalia. Na zima `EXTRACT_ALL`: ikiwa YES, `WARN_IF_UNDOCUMENTED` inajizima yenyewe, unabaki unajisifu kwamba huna onyo hata moja.

kernel-doc ya Linux: kwenye strakti unaandika `struct jina - maelezo` juu, halafu unaweza kuweka komenti ya `/** @fildi: ... */` ndani, jirani kabisa na fildi yenyewe. Lakini agumenti za fildi hazina mahali pake rasmi, unazieleza kwa sentensi. Kwenye `typedef` ya fankisheni hali ni tofauti: hapo `@agumenti`, `Context:` na `Return:` zote zinatambuliwa. Kukagua bila kutoa ukurasa wowote:

```
kernel-doc -none include/linux/faili.h
```

`make W=1` nayo inakagua mafaili ya `.c` yanapokompailiwa.

#7 Mzee wa Makefile

Ndiyo maana mimi ni mtu wa `typedef`. Ila siyo ile ya watu wengi yenye nyota ndani. Fanya `typedef` ya fankisheni yenyewe, nyota uiweke kwenye strakti:

```c
typedef int soma_fn(void *ctx, uint32_t mahali, void *bafa, size_t urefu);

struct hifadhi_ops {
    soma_fn *soma;
};

static soma_fn w25_soma; /* Ikitofautiana na mwili wake, kosa */
```

Mstari wa mwisho ndio utamu wenyewe. Mwandishi wa draiva anatangaza `w25_soma` kwa aina hiyo, na akija kuandika mwili wenye parameta pungufu kompaila inamsimamisha papo hapo. Komenti inakaa juu ya `typedef`, mahali pamoja, na parameta zina majina. Git wanafanya hivi: `each_ref_fn` kwenye `refs.h` ni aina ya fankisheni, na juu yake wameeleza kwamba data unazopewa ni halali kwa muda wa mwito ule mmoja tu. Ukizitaka baadaye, nakili.

#8 Pwani_Baiti

Mzee heshima yako, lakini `typedef` ishirini kwa strakti moja ni kumtembeza msomaji. Anafungua strakti, anakuta `soma_fn *soma; andika_fn *andika;`, hajui chochote mpaka apande juu skrini mbili. Fungua `struct file_operations` kwenye `include/linux/fs.h`: saini zimeandikwa wazi moja kwa moja. `typedef` wanaiweka kwa aina inayozunguka sehemu nyingi, mfano `irq_handler_t`.

Kanuni yangu: aina ikitumika kwenye strakti moja tu, iandike wazi. Ikipitishwa pia kama parameta ya fankisheni nyingine, ipe `typedef`.

#9 Mzee wa Makefile

Na ile `fs.h` unayoisifia, maelezo ya hizo pointa yako wapi? Yako `Documentation/filesystems/vfs.rst`, na habari za kufuli ziko `locking.rst`. Faili mbili pembeni. Nani anatembezwa sasa?

#10 Pwani_Baiti

Hahaha, hapo umenibana. Basi chukua DRM, sehemu ya Linux ya kuonyesha picha kwenye skrini, siyo VFS, ile ya mifumo ya mafaili. `include/drm/drm_modeset_helper_vtables.h`: kila kolbeki (fankisheni unayompa mwenzako aiite) ina komenti yake ndani ya strakti, juu ya fildi husika. Soma `atomic_check`. Imesema wazi kwamba hii ni awamu ya ukaguzi, hairuhusiwi kugusa chochote nje ya ile strakti ya hali uliyopewa, na chini kuna `RETURNS:` yenye makosa yanayotarajiwa, `-EDEADLK` ikiwemo. Nyingi zina sentensi inayosema kama kolbeki ni ya hiari. Sijaona C iliyoelezwa vizuri kuliko pale.

#11 kibodi_kavu

Ngoja niweke kambi hapa. Swali dogo: `release` kwenye `file_operations` si ndiyo `close()`? Nimeona draiva nyingi zinaitumia hivyo.

#12 Mama Kompaila

Siyo, na ni mfano mzuri wa jina linalopoteza watu. Kila `close()` inaita `flush`, kama ipo. `release` inaitwa rejea ya mwisho ya faili lililofunguliwa inapoachwa. Ukifanya `fork()` au `dup()`, `close()` ya kwanza haifiki kwenye `release`. Hata `mmap` inashikilia rejea, kwa hiyo programu inaweza kufunga faili na `release` isije mpaka eneo la memori liachiwe.

La ziada: `release` inarudisha `int`, lakini VFS haitumii thamani hiyo. Mtu akirudisha `-EIO` akidhani mtumiaji ataiona, anajisumbua. Saini ya `int` hapo inadanganya mchana kweupe, Segfolti.

#13 Segfolti

Sawa, nimeshakubali kuandika. Tupunguzieni kichapo.

#14 Nulipointa

Wote mnabishania fildi, mimi nadhani mmekosea mahali. Pointa ni mambo ya ndani. Unachotakiwa kueleza ni fankisheni ya kawaida inayoziita. Zephyr, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, ndivyo walivyo: `gpio_pin_get_config()` ina maelezo kamili ya Doxygen, lakini `struct gpio_driver_api` waliificha ndani ya `@cond INTERNAL_HIDDEN`. Fankisheni ya nje ndiyo inayokagua: fildi ikiwa NULL inarudisha `-ENOSYS`. Mtumiaji hagusi pointa kabisa.

Faida yake: ukaguzi wa NULL, kufuli, ukaguzi wa mipaka, vyote mahali pamoja. Komenti unaandika kwenye fankisheni halisi, na vyombo vyote vinaielewa bila ujanja.

#15 baitimoja

Ni nzuri kwa anayeita, ila anayeandika draiva umemwacha solemba. Wasomaji ni wawili. Anayeita anauliza "nikipitisha urefu 0 inakuwaje?" Anayetekeleza anauliza "urefu 0 unaweza kunifikia?" Fankisheni ya nje ikishazuia 0, jibu la kwanza ni "utapata 0", jibu la pili ni "hauji kwako kamwe". Komenti mbili tofauti kwa jambo lilelile. Ukificha strakti, mwandishi wa draiva anabaki kunakili draiva ya jirani pamoja na makosa yake.

#16 Nulipointa

Kunakili draiva ya jirani iliyojaribiwa ni bora kuliko kusoma komenti ya mwaka juzi.

#17 Kikokotoo

Usipige komenti vita, ifanye itekelezwe. PostgreSQL tangu toleo 12 wana `TableAmRoutine` kwenye `tableam.h`, strakti kubwa ya kolbeki, kila moja na komenti yake. Halafu kwenye `tableamapi.c`, `GetTableAmRoutine()` ina mlolongo wa `Assert(routine->scan_begin != NULL);` na wenzake. Ile ndiyo orodha ya "lazima" na "hiari" isiyoweza kuchakaa: kolbeki mpya ya lazima ikiongezwa, moduli ya zamani inaanguka mara strakti yake inapochukuliwa. Haisubiri mpaka kolbeki yenyewe iitwe.

#18 Mama Kompaila

Ongeza kwamba `Assert` ya PostgreSQL inafanya kazi pale tu ilipokompailiwa na `--enable-cassert`. Seva ya kawaida haikagui kitu. Ni kinga ya mwandishi wa moduli, siyo ya mteja. Kwa maktaba ya Segfolti, ukaguzi wa NULL uwe `if` ya kweli wakati wa kusajili draiva, irudishe `-EINVAL`. Gharama ni ulinganisho mara tano, mara moja tu.

#19 SPI_na_Chai

Mmeongea VFS, DRM, PostgreSQL, lakini flashi yenyewe hamjaigusa. Kwenye NOR ya SPI za kawaida kama W25Q, ukurasa ni baiti 256 na sekta ndogo ya kufuta ni baiti 4096. Amri ya kuandika ukurasa ikipewa data inayovuka mpaka wa ukurasa, baiti zinazozidi zinarudi mwanzo wa ukurasa uleule na kukanyaga zilizopo. Hakuna kosa linalorudi. Unasoma tena, unakuta uji.

Sasa `andika` ya #1: nani anakata vipande vya 256, maktaba au draiva? Draiva ya kwanza ikikata yenyewe, maktaba itaonekana haina tatizo. Draiva ya pili ikidhani maktaba imeshakata, data inaharibika, na itaharibika pale tu maandishi yanapovuka mpaka, kwa hiyo majaribio ya baiti 16 kuanzia 0 yatapita yote.

Tena kuandika kunageuza biti kutoka 1 kwenda 0 peke yake. Eneo liwe limeshafutwa kabla? Na `futa` yenye `mahali` 100 na `urefu` 50: ikatae, au ifute sekta nzima na kumeza majirani?

Hayo matatu ndiyo komenti. Mengine yote mnayobishania ni mapambo.

#20 Pwani_Baiti

SPI_na_Chai kamaliza. Ila hapo kwenye kufuta nisingeandika komenti, ningeweka fildi mbili ndani ya strakti ya kifaa: `ukubwa_ukurasa` na `ukubwa_sekta`. Namba ikae kwenye msimbo, komenti iseme tu nani anaiheshimu. Kesho chipu ya ukurasa tofauti ikija, komenti yenye "256" itakuwa uongo.

#21 Mzee wa Makefile

Kitu kingine hakijasemwa. Angalieni `ikimalizika`. Fildi tano za juu zinajazwa na draiva na kuitwa na maktaba. Hii ya sita inajazwa na maktaba na kuitwa na draiva. Mwelekeo umegeuka, lakini zimekaa strakti moja.

Matokeo: strakti haiwezi kuwa `const`. Jedwali la pointa lingekaa `.rodata` (eneo la data isiyobadilika), likatumika kwa chipu nne za aina moja, lakini sasa kila chipu inahitaji nakala yake kwa sababu ya fildi hiyo moja. Na `void *ctx`: kwenye tano za juu ni ya draiva, kwenye ya sita ni ya maktaba. Jina moja, wenye mali wawili. Draiva ikipitisha `ctx` yake yenyewe, kompaila haitasema neno, maana `void *` inakubali kila kitu.

Itoe. Iwe parameta ya kusajili, na `ctx` zipewe majina tofauti: `drv` na `mteja`.

#22 Segfolti

Hilo sikuwa nimelitazama hivyo. Inatoka.

#23 Nulipointa

Au achana na `void *` kabisa. Pitisha `struct hifadhi *`, draiva itumie `container_of` (makro inayopata strakti ya nje kutoka anwani ya fildi iliyomo ndani yake) kupata yake. Taima za Linux zilihama hivyo: zamani kolbeki ilipewa `unsigned long data`, sasa inapewa `struct timer_list *`. Aina inakaguliwa, komenti moja inapungua.

#24 Kikokotoo

`container_of` nayo ina sharti la kuandikwa: strakti ya maktaba iwe imepachikwa ndani ya strakti ya draiva, isiwe pointa kwenda kwake. Mtu akiweka `struct hifadhi *h;` halafu akaita `container_of` kwa ile `h` aliyopewa, anapata anwani ya hewani, na kama makro yenu haikagui aina inakompailika safi.

#25 Jukwaa_la_Biti

Naongezea mtego wa kugeuza aina kwa nguvu. Kuna anayeandika `int w25_soma(struct w25 *c, ...)` kisha anaiweka `.soma = (void *)w25_soma` au kwa kasti ya aina ya pointa ili kompaila inyamaze. Kuita fankisheni kupitia pointa ya aina isiyolingana ni tabia isiyofafanuliwa kwenye C, hata kama `void *` na `struct w25 *` zina ukubwa sawa kwenye mashine yako.

Zamani ilipita. Leo Linux kuanzia 6.1 ina kCFI (ukaguzi wa aina kwenye miito ya pointa za fankisheni) ikikompailiwa na Clang na kuwashwa, na mwito wa aina isiyolingana unazuiwa wakati wa kuendesha. Onyo la GCC, `-Wcast-function-type` lililomo ndani ya `-Wextra`, halikusaidii hapa kwa sababu linahesabu pointa zote kuwa sawa. Clang ina `-Wcast-function-type-strict`, hiyo inalia kwenye kasti ya aina ya pointa ya fankisheni. Andikeni kwenye komenti: "usitumie kasti kujaza strakti hii".

Na wenye mabano matupu, `int (*anza)()`, jiandaeni. Kwenye C23 maana yake ni `(void)`, na GCC 15 inakompaili kwa gnu23 usipoiambia vingine. Pointa iliyokuwa inaitwa na agumenti mbili sasa ni kosa la kukompaili.

#26 kibodi_kavu

Kwani mtu aliyeandika tangazo la `signal` alikuwa na ugomvi na nani?

```c
void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);
```

#27 Pwani_Baiti

Iweke kwenye `cdecl` ikusomee, uende ukalale. Au iandike hivi, ndivyo glibc wanavyofanya kwa `sighandler_t`:

```c
typedef void (*sighandler_t)(int);
sighandler_t signal(int sig, sighandler_t func);
```

#28 Mzee wa Makefile

Kumbe `typedef` inafaa. Nilisikia mtu akiikataa hapo #8.

#29 Pwani_Baiti

Inatumika sehemu mbili kwenye tangazo moja, mzee. Kanuni yangu iko palepale.

#30 baitimoja

Kabla hamjafika mbali, kuhusu mabadiliko ya strakti yenyewe. Draiva zikiwa ndani ya programu moja inayokompailiwa pamoja, ongeza fildi popote. Zikiwa maktaba za `.so` zilizokompailiwa peke yake, lazima useme sheria. SQLite wana `iVersion` kama fildi ya kwanza: toleo 1 linaishia `xDeviceCharacteristics`, toleo 2 likaongeza nne za `xShm`, toleo 3 `xFetch` na `xUnfetch`. Fildi mpya huingia mwishoni tu, na kila kundi lina komenti inayosema ni la toleo gani.

Na ujazaji uwe wa `.soma = w25_soma`. Anayejaza kwa kufuata mpangilio, siku ukiingiza fildi katikati pointa zake zinasogea, na zikiwa na saini sawa hakuna onyo. GCC ina sifa ya `designated_init` ya kuweka kwenye strakti ili imlalamikie mtu huyo.

#31 Nulipointa

OpenSSL waliona hata hiyo haitoshi. Toleo 1.1.0, mwaka 2016, wakaifunga `BIO_METHOD` kabisa: unaita `BIO_meth_new()`, halafu `BIO_meth_set_write()` na ndugu zake. Hakuna mpangilio wa fildi wa kueleza, na kila fankisheni ya kuweka ina ukurasa wa mwongozo. Narudi kwenye hoja yangu ya #14.

#32 Mama Kompaila

Na umepoteza jedwali la `const`. Kwenye chipu yenye RAM ya kilobaiti 20, kila pointa iliyohamia RAM ina bei. Kinachofaa seva hakifai hapa.

#33 Segfolti

Wakuu shukrani. Rasimu ya `andika`, mtindo wa kernel-doc. Ipigeni mawe:

```c
    /**
     * @andika: Andika baiti @urefu kuanzia @mahali.
     *
     * Lazima iwepo. Huitwa kwenye thredi, kufuli la kifaa
     * likiwa limeshikwa. Inaruhusiwa kulala, hairuhusiwi
     * kuita maktaba tena.
     *
     * Maktaba huhakikisha: @urefu > 0, eneo liko ndani ya
     * kifaa na limeshafutwa. Maktaba HAIKATI kurasa; draiva
     * igawe kwa ukubwa_ukurasa.
     *
     * @bafa ni ya anayeita. Usiitunze baada ya kurudi.
     *
     * Hurudisha 0 baiti zote zikiandikwa, au -EIO. Hairudishi
     * idadi ya baiti.
     */
    int (*andika)(void *drv, uint32_t mahali,
                  const void *bafa, size_t urefu);
```

#34 SPI_na_Chai

Imekaa. Mawili yamebaki. Kwanza, ikirudisha `-EIO` katikati, hali ya eneo ni ipi? Sema "haijulikani, futa kabla ya kujaribu tena". Pili, "0 baiti zote zikiandikwa" maana yake amri imetumwa, au biti ya BUSY imeshashuka? Draiva ikirudi mapema na `soma` ikafuata, chipu nyingi hazijibu usomaji zikiwa bize.

#35 Mzee wa Makefile

Na `usiitunze baada ya kurudi` inagongana na DMA (data kuhamishwa bila prosesa kushughulika). Draiva ikianzisha DMA halafu ikarudi, imeitunza bafa hata kama haina pointa yake mkononi. Andika hivyo hivyo kwa jina: DMA iwe imekwisha.

#36 Jukwaa_la_Biti

"Hairuhusiwi kuita maktaba tena": na kolbeki ya `ikimalizika` mliyoihamisha? Mteja akiita `hifadhi_andika()` kutoka ndani yake, na draiva imeiita huku kufuli limeshikwa, mfumo unaganda. FreeRTOS wana jambo la jirani kwenye taima zao za programu: kolbeki inaendeshwa ndani ya kazi ya taima, na wameandika wazi kwamba isiite `vTaskDelay()` wala kitu chochote cha kusubiri. Hapa muamue: inaitwa kufuli likiwa limeachiwa, au mteja anakatazwa?

#37 baitimoja

Liachiwe. curl wanawapa watumiaji wao maelezo marefu ya `CURLOPT_WRITEFUNCTION`: `size` daima ni 1, data haina baiti ya sifuri mwishoni, ukirudisha idadi tofauti na uliyopewa uhamishaji unakatwa kwa `CURLE_WRITE_ERROR`. Bado watu wanaipitisha kwa `printf("%s")`. Katazo la kwenye komenti pekee halizuii mteja.

#38 Nulipointa

Ukiliachia kabla ya kuita, mteja mwingine anaweza kuingia na kufuta sekta ileile kabla kolbeki haijasoma matokeo. Mimi ningekataza, na fankisheni ya nje irudishe `-EBUSY` ikigundua mwito umetoka ndani ya kolbeki.

#39 Mama Kompaila

Utagunduaje bila kuhifadhi kitambulisho cha thredi iliyoshika kufuli? Na ndani ya intarapti hakuna thredi ya kuhifadhi. Segfolti, sema kwanza: `ikimalizika` inaitwa kutoka wapi?

#40 Segfolti

Draiva moja inaiita kwenye thredi. Nyingine ndani ya intarapti ya DMA.

#41 SPI_na_Chai

Haya, mkutano uanze upya.